Bunduki Kongwe na Dhamana ya Mwenye Kuisafisha

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja akaaye Migori. Alikuja mwenyewe mpaka Homa Bay, akaketi nasi katika darasa letu baada ya sala ya magharibi, akalitoa suala lake waziwazi bila ya kuficha kitu. Kwa kuwa jambo lenyewe si lake peke yake, na kwa kuwa tangu usiku ule hatujaacha kulizungumza, tumeona yafaa tuliandike, ili wasomaji wetu nao walipime kwa mizani ya akili zao.

Maneno yake yalikuwa haya. Katika dari ya nyumba ya marehemu babu yake ilikutwa bunduki imefungwa katika gunia, kutu imeila hata komeo lake halisogei. Babu aliipokea kwa baba yake, na huyo, kwa khabari za wazee wa nyumba ile, aliiokota katika vita vya 1914. Ndugu yetu huyu ni fundi wa mashine za kusaga, na mikono yake haiwezi kukiona chuma kinaoza nayo ikatulia. Akaichukua, akaifungua kipande kwa kipande, akaisafisha kwa muda wa mwezi mzima, hata komeo likaenda na kurudi kama lililotoka kiwandani jana. Kutoka siku hiyo akashikwa na mapenzi ya kazi hiyo. Akawa kila akisikia kuna bunduki kongwe katika mji wa mtu, huiendea, akainunua kwa bei ya mbuzi, akaja nayo kwake akaisafisha. Amepata nne kwa jumla. Tatu anazo. Moja ameiuza, kwa faida kubwa, kwa mtu aliyekutana naye Isebania. Suala lake: Je, fedha zile ni halali kwake, na kazi hii aendelee nayo?

Tukamwuliza: Mtu aliyeinunua ni nani? Akasema hamjui. Tukamwuliza: Bunduki yenyewe sasa iko wapi? Akanyamaza.

Kabla ya yote twataka kulitoa njiani jambo la sheria ya nchi, maana ni jepesi. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, yamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti, na kila mwenye kuzifanyia biashara awe amesajiliwa. Ndugu yetu hana hiki wala hicho, na tulimwambia hivyo usiku uleule, bila ya kupindapinda. Lakini hatukutaka kujificha nyuma ya sheria tukadhani tumemjibu. Wako watu Nairobi, na Muscat, na London, wenye vyeti vya kila namna, ambao hukusanya bunduki kongwe, huzisafisha na kuziuza, wala hakuna askari awezaye kuwagusa. Suala la dhamiri lawakabili na wao sawasawa. Cheti humtoa mtu katika kesi. Hakimtoi katika hesabu.

Basi na tuanze kwa kumpa haki yake, kwani kazi yake ina uzuri ndani yake, na asiyeuona uzuri huo hataufahamu ubaya wake. Bunduki ile ya kwanza, alipoifuta kutu, ilitoa maandishi: jina la Spandau, ambapo palikuwa na kiwanda cha silaha cha Wajerumani, na nambari ya namna yake, 71. Hii ni bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye kutumia baruti nyeusi, na ndiyo waliyokuwa nayo askari wengi wa Kijerumani wa Afrika ya Mashariki vita vilipoanza. Kila ikipigwa hutoa wingu la moshi mweupe, likamfichulia adui mahali pa mpigaji. Wilaya hizi zetu wakati huo zilikuwa pamoja katika wilaya moja ya South Kavirondo, makao yake Kisii. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani waliuvuka mpaka wakauingia mji wa Kisii, na tarehe 12 ya mwezi huo wakapigana hapo na King's African Rifles waliotoka Kisumu. Kapteni Thorneycroft wa Waingereza aliuawa siku hiyo. Nao Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea mpakani. Watu wetu waliotiwa katika vita hivyo, wengine kwa kubeba bunduki na wengine wengi zaidi kwa kubeba mizigo ya wenye bunduki, hawakujengewa mnara kila kijiji. Chuma kile kilichokuwa darini ni ushahidi. Mtu akikisafisha kwa maji ya moto, na mafuta, na kitambaa, wala asikisugue kwa msasa ukafuta chapa zake, huyo amefanya kazi ya mwandishi wa tarikh. Hatuoni haya kusema kuwa tulipoishika, na kuyasoma maandishi yale kwa taa, tulipata hisia ambayo kitabu hakijatupa.

Lakini bunduki aliyoiuza haikuwa ile. Tulipomwuliza sifa zake akatueleza, na mmoja wetu aliyepata kuwa askari wa akiba akaitambua mara moja: ni Lee-Enfield fupi, ya namna ile waliyoitoa Waingereza mwaka 1907. Hapa ndipo neno “kongwe” lilipotuvunjikia mikononi. Mauser ya 1871 yataka risasi ya milimita 11, ambayo haipatikani popote huku, na mtu aweza kuizunguka nchi mzima asione moja. Lee-Enfield yatumia risasi ya inchi 0.303, ambayo ingali yatengenezwa hata leo katika nchi kadha wa kadha, na bunduki hiyo ikisafishwa vyema humwua mtu aliye mbali zaidi ya nusu kilomita. Zote mbili zimepita miaka mia. Zote mbili zinafaa kutundikwa ukutani. Lakini moja imekufa, na ya pili ilikuwa imelala tu. Ndugu yetu aliziita zote kwa jina moja, kwa kuwa kwake ukongwe ni mambo ya mbao na kutu. Na alipoiondoa kutu ile, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa ameuondoa ule ukongwe aliokuwa akijitetea kwao.

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo, maana sisi hapa ndipo tuliposimama sana. Kuna kazi za mikono ambazo wema wake na ubaya wake hukaa mahali pamoja. Mwenye kutengeneza saa kongwe huirudishia kazi yake, na kazi yake ni kuonyesha wakati. Mwenye kutengeneza bunduki kongwe naye huirudishia kazi yake. Hawezi kusema, mimi nimeihifadhi tu.

Isidhaniwe kuwa hoja hii ya ukongwe imezuka Migori. Ndiyo iliyoiharibu Afrika yetu ya Mashariki katika karne ya kumi na tisa. Majeshi ya Ulaya yalipokuwa yakibadilisha silaha zao, kila zilipotoka bunduki mpya zile za zamani zilihesabiwa takataka, zikauzwa kwa wafanyabiashara, na hao wakazipakia majahazini na melini kuja Unguja. Balozi wa Kiingereza wa huko mwaka 1888 alikadiria kuwa zaingia baina ya bunduki 80,000 na 100,000 kwa mwaka mmoja. Huko Ulaya zilikuwa kongwe. Huku bara, mbele ya mkuki na ngao, zilikuwa mpya kabisa. Na wazee wetu wa pwani, ni lazima tuseme kweli ingawa inauma, walikuwa wachukuzi wa biashara hiyo. Bunduki ilikwenda na msafara, pembe na watumwa wakarudi nao. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, hakuishinda Manyema kwa wingi wa watu wake bali kwa magobore. Mwaka 1890 Mataifa yalikutana Brussels wakaandika mkataba wa kuzuia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Lakini katika mkataba huo huo wakaacha mlango, kwamba bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu zaweza kuruhusiwa kwa masharti. Yaani hata hao wakubwa walikuwa na fikira ya ndugu yetu: kuwa kilicho kongwe hakidhuru. Wanakijiji walioamshwa alfajiri kwa mlio wa gumegume wangewajibu vingine.

Na yupo Charles Stokes, mtu wa Ireland, ambaye kisa chake kinafaa kukumbukwa na kila mwenye kudhani kuwa mtu mwema hawezi kuingia katika jambo hili. Alikuja kama mtumishi wa misheni ya Kikristo, akaacha, akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki, misafara yake ikipita kusini ya Ziwa hili hata Buganda. Mwaka 1895 Wabelgiji wa Kongo walimnyonga, wakimshitaki kwa kuwauzia silaha maadui zao, kwa hukumu ya haraka ambayo Waingereza waliikasirikia sana. Hatusemi kuwa kunyongwa kwake kulikuwa haki. Twasema kuwa hakuanza siku moja akiwa mwuza bunduki. Alianza akiwa mtu mwenye kujua njia, mwenye kuaminiwa na wenyeji, na mwenye kitu ambacho watu wakikitaka.

Turudi nyumbani. Ndugu yetu alitoa hoja nyingine, na hii ilitushughulisha zaidi. Alisema: Mimi simjui aliyenunua. Mwenye duka la panga hapa Homa Bay naye hawajui wanunuzi wake, na panga limeua watu wengi kuliko bunduki zangu. Mbona hamkumwita yeye?

Kuhusu panga jibu ni jepesi kidogo. Panga hulimia, hukatia kuni, hufyekea shamba. Mwenye kuliuza ana dhana njema iliyo na msingi, maana katika mapanga mia tisini na tisa yanakwenda shambani. Bunduki nayo ina manufaa yake, hatukatai. Viboko hutoka Ziwani usiku wakala mahindi ya watu, na anayekaa karibu na bonde la Lambwe ajua nyati ni nini. Lakini mwenye haja hiyo humwendea bwana nyama kwa miguu yake mchana. Mtu anayenunua Lee-Enfield kwa fedha taslimu mjini Isebania, na kuifunga katika turubali, na kuondoka kwa pikipiki magharibi, hakutoka kufukuza kiboko.

Ama hilo neno “simjui,” tumeligeuza na kuligeuza. Wanavyuoni wetu wamekataza kumwuzia silaha mtu ajulikanaye kuwa ataitumia katika fitina, kama walivyokataza kumwuzia zabibu ajulikanaye kuwa atazifanya ulevi. Ndugu yetu alikuwa amelisikia hilo, akalishika kwa upande unaomfaa: ajulikanaye, nami sikujua. Lakini kutojua kuna namna mbili. Kuna kutojua kwa aliyetafuta asipate, na kuna kutojua kwa aliyekaa mbali na jibu kwa makusudi. Tulimwuliza, kwa upole, kwa nini hakumwuliza mtu yule jina lake. Akafikiri, kisha akajibu kwa ukweli ambao tulimheshimu kwao: alikhofu kuwa akiuliza, mtu ataondoka asinunue. Basi alijua. Hakulijua jina, lakini alijua kuwa hili ni jina lisiloulizwa. Ile faida kubwa aliyoipata ilikuwa ndiyo bei ya kutouliza kwake. Bunduki yenyewe haikuwa na thamani hiyo.

Na nchi aliyoiuzia si nchi isiyojulikana. Katika mpaka ule Wakuria wako huku Migori na huko Tarime, ukoo mmoja na damu moja, na wizi wa ng'ombe baina yao ni wa tangu zamani. Zamani ulikuwa wa upinde na mshale, na ulikuwa na adabu zake. Baada ya vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, katika askari waliorudi wako waliorudi na bunduki, na bunduki hizo zikaingia katika mazizi. Tangu hapo wizi ukawa biashara, na wachunga wakawa wafu. Na tazama ajabu ya wakati: bunduki zile za 1979 nazo zinakaribia miaka hamsini. Kesho au kesho kutwa atatokea mkusanyaji atakayeziita ukumbusho. Je, tutamkubalia, hali mwenye kupigwa nayo angali ana kovu, na mjane angali hai?

Baadhi yetu walitaka tulifunge jambo hapo, tuseme kazi yote ni mbaya, zisafishwe wala zisikusanywe kamwe. Hatukuafikiana nao. Twajua Waswahili wenzetu walioko Oman, na tumesikia kwao khabari za soko la Nizwa, ambako bunduki za Martini-Henry na za mrao huuzwa mbele ya watu, na siku za Idi na harusi wanaume huzibeba katika razha, wakazirusha juu na kuzidaka. Muscat hiyo hiyo ilikuwa bandari kubwa ya silaha mpaka mwaka 1912, zilipowekwa kanuni za kuzitia zote katika ghala la serikali. Khabari zake si safi kuliko za Unguja. Lakini Martini ya mzee wa Nizwa leo ina nyumba. Watu wajua ni ya nani, baba yake alikuwa nani, na ikipotea usiku asubuhi mji mzima utauliza. Hilo, kwa maoni yetu, ndilo linaloifanya bunduki kuwa ukumbusho, kuliko umri wake: kuwa na watu wanaoijua. Ile ya babu ilikuwa hivyo katika dari yake. Ile ya Isebania, dakika ilipotoka mkononi, haikuwa na mwenyewe wala tarikh. Ilikuwa bunduki tu.

Tukaafikiana, baada ya maneno mengi, kwa haya. Kuizuia kutu isile ushahidi ni jambo jema. Kuirudishia nguvu ya kuua si katika kuhifadhi, basi mwenye kuhifadhi aiondoe nguvu hiyo: komeo likae mahali pengine mbali na mtutu, na gobore lizibwe tundu lake la moto. Wakusanyaji husema kuwa hivyo vyapunguza thamani yake. Ndiyo, vyapunguza, na kiasi kilichopungua ndicho kile ambacho mnunuzi mbaya angekilipa. Na kuuza kwa asiyejulikana, la, hata kama kinachouzwa ni mtutu mtupu, maana wahunzi wajuao kutengeneza gobore kwa bomba la maji hawashindwi na mtutu wa Spandau. Mtume wetu (s.a.w.) alimwamuru apitaye sokoni na mishale aishike penye ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Yule mwenye mishale hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anapita tu.

Juu ya fedha tulikhitilafiana, na khitilafu hiyo haijaisha. Wengine walisema azitoe sadaka. Wengine, na sisi tuandikao tu pamoja nao, twaona sadaka ni njia ya kujipumzisha mapema. Fedha zile ziwe nauli ya kuitafuta bunduki, na bei ya kuinunua tena ikionekana, hata zikiisha zote.

Jambo moja lilitokea ambalo hatukulitazamia. Katika zile tatu zilizobaki lilikuwamo gobore la fataki, alilolinunua karibu na Karungu, ambalo alikuwa hajalianza kulisafisha. Yule ndugu yetu aliyekuwa askari wa akiba akaomba mdeki, ile fimbo ya chuma ya kushindilia, akauingiza mtutuni mpaka ukakoma, akauwekea alama kwa kidole, kisha akaulaza nje sambamba na mtutu. Ulikuwa pungufu kwa upana wa vidole vinne. Ndani mlikuwa na baruti na marisau, vimeshindiliwa na mtu ambaye huenda alikufa kabla yetu sote kuzaliwa, na fundi wetu alikuwa amekusudia kesho yake kulitia motoni ili kutu ilegee. Palinyamaza kimya. Akalitoa nje taratibu, mtutu ukielekea Ziwani, wakalimimina maji kwa tundu la moto mpaka baruti ikawa tope.

Kuhusu hizo tatu, tulimshauri azipeleke mwenyewe polisi, pamoja na wazee wawili wa kushuhudia. Alisitasita. Alisema zitachomwa, kama zilivyochomwa Ngong silaha zaidi ya 5,000 mnamo Novemba 2016, na zaidi ya 5,000 tena mnamo Juni 2021, na katika moto ule hapana aliyesoma chapa. Hofu yake hiyo si ya bure, nasi twaishiriki. Mombasa, katika Ngome ya Yesu, ipo mizinga ya meli mbili za 1914, Königsberg na Pegasus, na watoto wa skuli huisimamia wakafundishwa. Hapana aliyewadhulumu wenye meli hizo kwa kuihifadhi. Kwa nini bunduki ya Kisii isipate ukuta? Basi tulikaa naye usiku mmoja tukaziandika zote tatu: chapa, nambari, urefu, mahali zilipopatikana, na maneno ya kila mwenyewe aliyeziuza. Daftari hilo tunalo. Tumeandika barua kuomba ile ya 1871 itolewe komeo ipelekwe makumbusho ya Kisumu, na barua hiyo aliichukua pamoja na bunduki siku ya Jumatatu.

Ama ile ya nne, amekwenda Isebania mara mbili, na mara ya pili alivuka hata Sirare. Mara zote mbili hakumpata mtu yule. Ametwambia atakwenda tena mwezi ukiandama.